Ngao Zilizoungana: Juu ya Kuta Zinazotembea, toka Ugiriki hadi Mdomo wa Aruwimi

Yafaa kuanza na neno lenyewe. Ngao ni neno la kale sana katika lugha za Kibantu, na wanaisimu wamelirudisha kwenye umbo la asili *-gàbò, ambalo mpaka leo linasikika karibu zima katika Kiluba (ngabo), katika Kiganda (engabo), na katika Kinyarwanda na Kirundi (ingabo). Kiswahili kimeipoteza b iliyokuwa kati ya irabu mbili, kama kilivyoipoteza katika kitenzi kuona, ambacho Wanyarwanda wanakitamka kubona. Hadi hapo hakuna la ajabu. Lakini katika Kinyarwanda na Kirundi, ingabo si chombo cha kujikinga tu. Ingabo ni jeshi pia. Msikilizaji asiyejua muktadha hawezi kuamua mara moja kama inatajwa ngao ya mtu mmoja au kundi zima la watu wenye silaha. Lugha hizo mbili zimeyaweka pamoja mambo ambayo historia ya vita imeyatenganisha na kuyaunganisha tena mara nyingi: ngao ya mtu peke yake, na ukuta unaozaliwa pale ngao nyingi zinaposhikana.

Ngao moja humkinga mwenye nayo kwa upande mmoja, na kwa muda ule tu mkono wake unaoweza kuiinua. Ngao mia zilizopangwa hovyo ni ngao mia tu. Zikiungana zinakuwa kitu kingine, chenye nguvu mpya na udhaifu mpya, na udhaifu huo hukaa daima mahali pamoja, yaani kwenye kiungo. Yeyote aliyebuni ngao za kuunganishwa, awe fundi au jemadari, alilazimika kujibu maswali mawili yanayovutana: kiungo kishike vipi ili adui asikivunje, na kiachie vipi ili wenyewe waweze kusogea, kugeuka, au kutoka nje kwa haraka?

Wagiriki wa kale walijibu kwa mwili wa binadamu. Ngao yao ya mbao, duara la upana wa sentimita 90 hivi, ilivaliwa kwenye mkono wa kushoto: mkono ulipitishwa ndani ya pete ya shaba katikati, na vidole vikashika mpini ukingoni. Kwa kuwa imeshikwa hivyo, nusu yake ya kushoto humzidi mwenyewe na kufunika ubavu wa kulia wa jirani. Plutarko anasimulia kwamba Demarato, mfalme wa Sparta, alipoulizwa kwa nini kwao aliyetupa ngao yake huaibishwa na aliyetupa kofia ya chuma haaibishwi, alijibu kwamba kofia mtu huivaa kwa ajili yake mwenyewe, lakini ngao huibeba kwa ajili ya safu yote. Maneno mazuri, bila shaka. Thukidide, ambaye hakuwa na mazoea ya kupamba, anaongeza jambo lisilo zuri sana. Akieleza vita vya Mantinea vya mwaka 418 K.K., anasema kwamba majeshi yote yakisonga mbele huelekea kupinda upande wa kulia, kwa sababu kila askari kwa hofu anajibana kwenye ngao ya jirani yake wa kulia. Kiungo cha Wagiriki kilikuwa hofu yenyewe. Kilishika vizuri, lakini kilipindisha ukuta.

Warumi waliipa ngao umbo lililofaa zaidi kazi hiyo. Ngao ndefu ya askari wa lejioni, iliyopindwa kama kigae cha paa, inajulikana leo hasa kwa mfano mmoja uliopatikana Dura-Europos, nchini Siria, ambao ni wa karne ya 3 B.K. na umehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Yale. Urefu wake unazidi kidogo mita moja. Imetengenezwa kwa vipande vyembamba vya mbao, matabaka matatu yaliyogandishwa kwa gundi, tabaka la kati likiwa limelazwa kinyume na mengine mawili ili ubao usipasuke. Ngao kama hizo zikishikwa mbele, ubavuni na juu ya vichwa, zilifanya kile ambacho Warumi wenyewe walikiita kobe. Kasio Dio, akisimulia safari ya Antonio dhidi ya Waparthi mwaka 36 K.K., anasema kwamba paa hilo lilikuwa imara kiasi cha watu kutembea juu yake, na hata farasi na magari kupitishwa. Huenda ametia chumvi. Lakini maelezo ya Yosefu kuhusu kuzingirwa kwa mji wa Yotapata, mwaka 67 B.K., yanaonyesha mwisho wa uwezo wa kobe: mafuta yaliyochemka yalimwagwa kutoka ukutani, yakapenya kati ya ngao na kuingia ndani ya mavazi ya chuma, na askari hawakuweza kuyavua. Mshale ulizuiwa. Kitu cha majimaji kilitafuta kiungo na kukipata.

Mpaka hapo kila ukuta ulishikiliwa na misuli. Hatua ya kuhamisha uzito kutoka mkononi hadi kwenye gurudumu, na kuweka mnyororo mahali pa bega la jirani, ilichukuliwa kwa ukamilifu katika nchi ya Bohemia wakati wa vita vya Wahussi (1419–1434). Jan Žižka, jemadari mwenye jicho moja ambaye baadaye alipofuka kabisa, aliyatwaa magari ya mizigo ya wakulima, akayatundikia mbao nene upande wa nje na ubao mwingine chini kati ya magurudumu, kisha akayafunga kwa minyororo gari kwa gari. Nyuma ya mbao hizo walisimama wakulima waliokuwa wakizuia askari farasi wenye mavazi ya chuma. Desemba 1421, walipozungukwa karibu na Kutná Hora, magari hayo hayo yaliyokuwa ngome yalisogezwa, yakapasua mstari wa adui na kutoka. Na huko Lipany mwaka 1434, upande mmoja wa Wahussi wenyewe ulipopigana na mwingine, magari yalifunguliwa ili kuwafukuza adui waliojifanya wanakimbia. Walioyafungua hawakupata nafasi ya kuyafunga tena.

Lakini ngao iliyobuniwa tangu mwanzo kuwa kipande cha ukuta, isiyo na kazi nyingine yoyote, ilipatikana Urusi. Warusi waliiita gulyay-gorod. Neno hilo lina utani ndani yake: gorod ni mji, hasa mji wenye boma, na kitenzi gulyat maana yake ni kutembea bila haraka, kutembea kwa kujifurahisha. Ni mji uendao matembezini. Ulikuwa na mbao nzito zenye matundu ya bunduki, zilizowekwa juu ya magurudumu, na wakati wa theluji juu ya vitelezo. Giles Fletcher, balozi wa Uingereza aliyekuwa Moscow mwaka 1588 na 1589, aliueleza katika kitabu alichokichapisha mwaka 1591. Anasema kwamba ulikuwa na kuta mbili, mbele na nyuma, kati yake nafasi ya mita tatu hivi ambamo wapiga bunduki waliweza kusimama, kujaza na kupiga. Ncha zote mbili zilifungwa. Kwa kadiri ya haja uliweza kunyooshwa kutoka maili moja hadi saba. Ulisafirishwa ukiwa vipande vipande juu ya magari ya farasi, na kuusimamisha hakukuhitaji seremala wala chombo, kwa sababu mbao zilichongwa ili kipande kimoja kiumane na kingine. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa kwa mwanahistoria wa ufundi. Ustadi ulikuwa umekwisha kufanywa karakanani; uwanjani ilibaki kazi ya kuunga tu, na kazi hiyo iliweza kufanywa na askari yeyote.

Iliweza kufanywa, mradi afanye. Mwaka 1530, katika vita dhidi ya Kazan, vipande vya mji huo vilifika karibu na boma la adui lakini havikuungwa kwa wakati. Tufani ya mvua ikapiga, na vikatekwa vikiwa bado ni mbao juu ya magari. Ngao za namna hii zina tabia hiyo: kabla ya kuungwa si kinga pungufu, ni mzigo.

Miaka 42 baadaye mji huo ulipata siku zake kubwa. Mei 1571 Devlet Giray, khani wa Watatari wa Krimea, aliuchoma moto mji wa Moscow. Kiangazi cha 1572 alirudi na jeshi kubwa zaidi. Mwana mfalme Mikhail Vorotynsky alipewa jeshi ambalo, kwa orodha iliyobaki, pamoja na Makosaki, lilikuwa na watu 25 000 hivi. Hakujaribu kusimama mbele ya khani njiani. Alimwacha apite, kisha Dmitry Khvorostinin, aliyeongoza kikosi cha mbele, akaushambulia mkia wa jeshi la Watatari karibu na Molodi, kusini ya Moscow. Khani aligeuka kwa hasira. Khvorostinin akarudi nyuma kana kwamba anakimbia, akiwavuta wanaomfukuza kandokando ya kilima, na juu ya kilima hicho mji utembeao ulikuwa umekwisha kuungwa. Mizinga na bunduki zikafyatuliwa kutoka matunduni.

Hesabu za wakati huo zinalitaja jeshi la khani kuwa watu 120 000. Wanahistoria wa leo wanazipunguza sana, na wana haki. Hata hivyo waliokuwa ndani walikuwa wachache kuliko waliokuwa nje, tena walikuwa na njaa. Heinrich von Staden, Mjerumani aliyekuwa katika jeshi la Vorotynsky, anaeleza kuwa waliozingirwa hawakuwa na chakula. Ukuta unaozuia adui kuingia unazuia pia unga kuingia, na msanifu wa mbao hakulitafutia jambo hilo dawa. Agosti 2 khani aliwaamuru watu wake washuke katika farasi. Walikuja kwa miguu mpaka kwenye mbao, wakazishika kwa mikono ili kuzitikisa na kuziangusha, na waliokuwa ndani wakaikata mikono hiyo kwa mapanga. Masimulizi ya Kirusi yanasema ilikatwa mingi isiyohesabika. Inafaa kutua kidogo hapa. Wapanda farasi mashuhuri kupita wote katika nchi tambarare za Mashariki ya Ulaya wamelazimishwa kuacha farasi zao na kupigana na ubao kwa vidole. Wakati huo Vorotynsky, na kikosi chake kikubwa, alikuwa ametoka kwa siri upande wa nyuma na kuzunguka kupitia bonde. Alipowapiga Watatari mgongoni, Khvorostinin akafungua na kutoka mbele. Khani aliondoka usiku. Kiungo, siku hiyo, kilishika kilipotakiwa kushika na kikaachia kilipotakiwa kuachia. Vorotynsky mwenyewe alikufa mwaka uliofuata baada ya kuteswa kwa amri ya Ivan wa Nne, tsar yule yule aliyemwokolea mji wake mkuu.

Fletcher, aliyeusifu mji huo, hakusahau kusema kwa nini ulifaa: Mtatari huja vitani bila mizinga. Siku adui anapokuja na mizinga, mbao hugeuka vibanzi vya kuwaua walio nyuma yake.

Katika bonde la Kongo, ngao ilifuata njia yake. Wazande walizisuka ngao zao kwa nyuzi za mimea, nyepesi, za mviringo mrefu, na ndani yake walifunga visu vya kutupa, hivyo ngao ilikuwa pia ala ya silaha. Wamangbetu, kama alivyoona Georg Schweinfurth alipofika kwa mfalme Mbunza mwaka 1870, walizichonga kwa shoka kutoka mti mmoja mnene, ubao mrefu wa pembe nne uliofunika karibu theluthi mbili za mwili. Ubao ukipata ufa, uliungwa kwa vibanio vya chuma au shaba. Hizo ni ngao za mtu anayeruka, anayejikunyata, anayetafuta nafasi yake mwenyewe. Hakuna sababu ya kuzihesabu kuwa duni kwa kuwa hazikuumana. Msituni, mstari mrefu ulionyooka ni mahali pabaya pa kuwamo.

Mtoni ni jambo jingine, na ni mtoni ambako ngao za Kongo ziliungana, mikononi mwa wageni. Novemba 5, 1876, Henry Morton Stanley aliondoka Nyangwe kufuata Lualaba. Watu wake walikuwa hasa Waungwana wa Zanzibar na bara, wake zao na watoto wao, wasemaji wa Kiswahili. Mpaka mwishoni mwa Desemba aliandamana pia na Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, na jeshi lake. Msafara huo uliishi kwa vitu vya kuunga. Mashua yake, Lady Alice, ilijengwa Uingereza kwa vipande vitano, kila kimoja cha urefu wa mita mbili na nusu hivi. Vilipoonekana Zanzibar kuwa vizito mno kwa wachukuzi, vilipunguzwa upya. Mitumbwi iliyotekwa mtoni ilifungwa miwili miwili. Na katika mapambano ya wiki za mwanzo za mwaka 1877 msafara uliteka pia ngao za watu wa kando ya mto, ambazo Stanley anasema zilikuwa kubwa kama milango.

Februari 1, 1877, msafara ulifika mahali Aruwimi unapoingia katika mto mkubwa, nchi ya Wabasoko. Stanley anasema alihesabu mitumbwi 54 ikimjia, mmoja ukiwa mkubwa kuliko yote, wenye wapiga kafi 80 waliosimama, 40 kila upande. Akaipanga mitumbwi yake mstari mmoja, akatia nanga. Ngao zikainuliwa mbele, ubavuni na nyuma, zikawa ukuta juu ya maji. Walioziinua hawakuwa wapiganaji. Walikuwa wanaume wasio na bunduki, wanawake na watoto. Nyuma yao, kati ya ngao na ngao, zikatolewa bunduki. Mfumo huo ni ule ule wa matundu ya Molodi, tofauti ni kwamba badala ya magurudumu kulikuwa na mikono ya watoto, na mbao zenyewe zilikuwa zimechongwa na majirani wa wale zilizoelekezewa. Kwa kuwa mitumbwi ilitia nanga, ukuta haukutembea mpaka vita vilipokwisha. Ulipotembea, uliwafuata Wabasoko hadi kijijini kwao.

Hayo ni ya Stanley, yaliyochapishwa mwaka 1878. Yapo mengine. Miaka mingi baadaye mzee wa Basoko aitwaye Mojimba alimsimulia padri Joseph Fraessle, mmisionari wa hapo, habari za siku ile. Kwa masimulizi yake, watu walikuwa wamesikia kwamba mtu mweupe anashuka mtoni, wakamdhani ni ndugu aliyerudi kutoka majini. Mojimba aliamuru karamu itengenezwe. Walivaa mavazi ya sherehe, wakaitoa mitumbwi mikubwa, wakaenda kumlaki kwa nyimbo na ngoma. Walipokaribia wakapigwa kwa fimbo za chuma zilizotoa moto.

Mtafiti mwangalifu hatachagua moja kati ya habari hizi mbili kwa urahisi. Masimulizi ya Mojimba yalipita katika kalamu ya padri na katika lugha yake. Ya Stanley yalipita katika haja ya kuuza kitabu, na msafara wake ulikuwa umekwisha kushambuliwa mara nyingi kwenye maporomoko ya juu. Lakini jambo moja linaonekana katika zote mbili: umbali kati ya ukuta na mitumbwi haukupimwa kwa maneno. Toka Lualaba ya juu watu wa msafara walikuwa wakipaza neno ambalo Stanley analiandika sennenneh, wakiamini kwamba ni neno la amani kwa kila kabila la mtoni. Walikuwa wamelijifunza kwa watu wengine, mahali pengine. Je, Mbasoko angelisikia nini katika neno hilo, hata kama lingemfikia wazi? Na nani angelijibu, akiona mbele yake ngao za watu anaowajua zimesimama bega kwa bega bila wenyewe?

Mara nyingi katika historia hii ukuta wa ngao umehukumiwa kwa kile ulichokizuia. Katika mdomo wa Aruwimi ulizuia mishale na mikuki, na kwa hesabu ya Stanley ulifanya kazi yake vizuri. Ulizuia pia kuonana. Mtu aliye nyuma ya tundu la bunduki huona sehemu ya mto yenye upana wa tundu hilo, na ngoma ya karamu na ngoma ya vita, kwa mgeni asiyejua lugha yake, hupigwa kwa mikono ile ile.

Waungwana hao ndio walioendelea mpaka Boma, walikofika Agosti 9, 1877, wengi wa wenzao wakiwa wamekwisha kufa njiani. Kiswahili chao, pamoja na kile cha watu wa Tippu Tip waliobaki Nyangwe na Kasongo, kiliingia katika kile kilichokuja kuitwa Kingwana. Katika aya ambayo Stanley anaeleza jinsi ngao zilivyoinuliwa, wanawake na watoto walioziinua wametajwa kwa pamoja, bila jina hata moja.